Je, taka za nyuklia zinaweza kuung'oa Mwezi?

"Shikamoo mwalimu. Marehemu kaka yangu alikuwa baharia, akatuachia sanduku la mikanda ya video. Mwanangu wa kidato cha pili ameihamishia kwenye kompyuta, na sasa kila usiku anaangalia tamthilia ya zamani ya Waingereza iitwayo Space: 1999. Humo taka za nyuklia zilizofukiwa Mwezini zinalipuka, Mwezi unaacha njia yake na kupotelea angani pamoja na watu walioko juu yake. Mwalimu wake wa fizikia amemwambia ni upuuzi mtupu, aachane nayo. Mtoto anabisha: ikiwa bomu moja lilifuta mji, taka za dunia nzima zitashindwaje kuusukuma Mwezi? Juzi akaniuliza tena, Mwezi ukiondoka bamvua itakuwaje, maana sisi ni watu wa Tanga, tumezaliwa na bahari. Sikuwa na jibu. Nimkataze? Na taka hizo kweli zinaweza kulipuka namna ile? Nakiri limenitia hofu."

Marahaba, mama. Pole kwa kuondokewa na kaka. Nitaanza na hofu yako, mengine yatafuata. Taka za nyuklia hazilipuki kama bomu la nyuklia, ziwe tani moja au ziwe mlima. Hata watu wakizembea vipi, hazina umbile la kuwa bomu.

Bomu linahitaji urani au plutoni iliyosafishwa mno, ikusanywe mahali pamoja ghafla, ili kiini cha atomi kikipasuka kitoe nyutroni za kupasua viini vingine, navyo vipasue vingine, yote hayo ndani ya muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Lile la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kama kilo 64 za urani, na kiasi kilichopasuka hakikufika hata kilo moja. Kilo hiyo isiyotimia ndiyo iliyofuta mji. Ndiyo maana hoja ya mwanao ina mantiki, anakosea hatua moja tu: anadhani taka ni baruti ambayo haijawashwa. Taka ni majivu. Sehemu kubwa ya urani inayopasuka kwa urahisi imekwisha kutumika ndani ya kinu cha nyuklia, na miongoni mwa vilivyobaki ni vitu kama seziamu-137 na stronti-90, ambavyo huoza kwa mwendo wake wenyewe, nusu yake kila baada ya miaka 30 hivi. Huwezi kuviharakisha kwa kuvirundika. Plutoni kidogo inayosalia humo nayo imetawanyika katikati ya uchafu mwingine. Ukikusanya majivu ya mafiga ya mtaa mzima utapata rundo lenye moto wa kumuunguza mtu hadi mfupa, lakini rundo hilo halitageuka kuwa gesi ya mtungi.

Ajali zimewahi kutokea, na sitakuficha. Tarehe 29 Septemba 1957, kwenye kiwanda cha Mayak katika eneo la Urali huko Urusi, mtambo wa kupoza tangi la taka uliharibika. Taka zikakauka, chumvi za nitrati zilizokuwemo zikapata joto, zikalipuka na kurusha mfuniko wa zege wa tani 160. Lakini ule ulikuwa mlipuko wa kemia, wa jamaa moja na milipuko ya mbolea tunayoisikia maghalani. Haukuwa bomu la nyuklia. Madhara yalitokana na vumbi lililosambaa, na zaidi ya watu 10,000 walihamishwa vijijini mwao.

Ukitaka kujua taka hizi huua vipi hasa, mtazame fundi wa chuma chakavu. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakabeba sehemu ya mashine ya kutibu saratani, wakaiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu usiofika gramu 100, uking'aa bluu gizani. Watu wakaupenda. Wakagawiana ndugu na jirani, wengine wakajipaka. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na zaidi ya watu 110,000 walipimwa. Hakukuwa na mlipuko wowote wala mshindo. Kwa hiyo hofu yako usiitupe, ihamishe mahali pake: mfundishe mwanao kuitambua ile alama ya feni ya mapanga matatu kwenye rangi ya njano, na kwamba akiikuta kwenye chuma jalalani au kwa mnunuzi wa skrepa asiguse, asifungue, arudi nyuma na kuwaambia watu wazima. Nanyi watu wazima piteni polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania siku hiyohiyo. Aliyekwisha kuishika, hata kama hasikii maumivu, aende hospitali na aseme wazi amegusa nini, kwa sababu ngozi na tumbo huweza kuchelewa kuonyesha.

Sasa tuje Mwezini.

Tuchukulie kwamba mlipuko umepatikana, hata kama si wa taka. Je, Mwezi ungeng'oka? Hapa mpe mwanao karatasi na kalamu, kwa sababu swali hili lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe kijana wa kidato cha pili anaimudu akisaidiwa kidogo. Tungamo la Mwezi kwa kilo ni 735 ikifuatiwa na sifuri 20. Unaizunguka Dunia kwa mwendo wa kilomita 1.02 kwa sekunde. Ili uiponyoke Dunia moja kwa moja kutoka pale ulipo, unahitaji kilomita 1.44 kwa sekunde. Tofauti ni mita 420 tu kwa sekunde, mwendo wa risasi. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema mbona kidogo! Lakini kitu kinachosukumwa ni Mwezi. Bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa ni lile la Wasovieti la tarehe 30 Oktoba 1961 kwenye visiwa vya Novaya Zemlya, lenye nguvu ya tani milioni 50 za baruti iitwayo TNT. Kuuongezea Mwezi hizo mita 420 kunahitaji mabomu kama hilo yapatayo bilioni 180, na hapo nimejifanya kwamba nguvu yote inaingia kwenye kusukuma na hakuna hata chembe inayopotea.

Na hupotea nyingi sana. Mwanao kama mtoto wa pwani amewahi kuingia kwenye mtumbwi. Mwambie asimame katikati, maji yakiwa yametulia, arushe jiwe zito kuelekea tezi. Mtumbwi utasogea kidogo kuelekea omo. Sasa ajiulize ni nani aliyepata mwendo mkubwa, jiwe au mtumbwi? Jiwe limeruka, mtumbwi umejongea. Nguvu nyingi ya mkono wake imeondoka na jiwe. Mwezi nao hauna ukuta wa kuegemea huko nje. Njia pekee ya mlipuko kuusogeza ni kurusha mawe upande mmoja ili wenyewe urudi upande wa pili. Tuseme mawe yanaruka kwa kilomita 10 kwa sekunde. Ili Mwezi upate mita 420 zake, utalazimika kurusha asilimia nne ya tungamo lake lote, na nguvu iliyobebwa na mawe hayo inazidi ile inayotosha kuuvunjavunja Mwezi mzima na kuvitawanya vipande vyake visirudiane tena.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba akae hapo asipite haraka. Tunauona Mwezi kama jiwe gumu, tukadhani ukipigwa utakwenda mzimamzima kama gololi. Kitu kikubwa kiasi kile hakishikwi na ugumu wa mawe yake. Kinashikwa na uzito wake wenyewe, kila sehemu ikiivuta nyingine, kama lundo la mchanga mbichi. Lipige ngumi lundo la mchanga uone kama litahama. Ngumi inazama, mchanga unatawanyika. Watu waliokuwa kwenye kituo cha Mwezini katika hadithi, ambao ni 311, wangekuwa wamesimama juu ya lundo hilo. Wanaanga wa Apollo 12 walipoiachia sehemu ya chombo chao ianguke Mwezini mwaka 1969, mitambo ya kupima mitetemo iliyoachwa pale iliusikia Mwezi ukitetemeka kwa karibu saa nzima, nacho kilikuwa chombo kitupu cha tani mbili na ushee.

Isaac Asimov, mwanakemia na mwandishi mkubwa wa hadithi za kisayansi, aliikosoa waziwazi tamthilia hiyo kwa jambo hilihili: mlipuko wenye uwezo wa kuung'oa Mwezi ungeusambaratisha.

Kuna kosa la pili ambalo watu wengi hawalioni, nami kama mwalimu ndilo linalonisisimua zaidi. Hebu tuukubalie Mwezi muujiza wake, uondoke salama. Utakwenda wapi? Katika hadithi unakwenda kwenye nyota nyingine. Kwa kweli usingekwenda mbali. Dunia na Mwezi, vyote viwili, vinalizunguka Jua kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Mwezi ukiiponyoka Dunia bado umo mikononi mwa Jua, na ungeendelea kulizunguka kama sayari ndogo, jirani yetu wa baraza ya pili, tukiuona mara ukija mara ukienda. Kulikimbia Jua kutoka hapa tulipo kunataka kilomita 42 kwa sekunde. Nguvu ya kuufikisha Mwezi hapo inatosha kuuvunja zaidi ya mara 40. Na hata ukilitoroka Jua, nyota iliyo karibu kuliko zote, Proxima Centauri, iko umbali ambao nuru huchukua miaka minne na robo kuumaliza. Chombo cha Voyager 1, kinachokwenda kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kufika umbali huo. Watu wa tamthilia wanakutana na dunia mpya karibu kila wiki.

Basi mwalimu wake yuko sahihi? Kwa hesabu, ndiyo. Kwa kumwambia aache, hapana, na nasema hivyo nikimheshimu mwenzangu wa chaki.

Makosa ya tamthilia za zamani si ya aina moja. Lipo kosa la kutojua. Miaka ya 1950 televisheni za Marekani zilionyesha Zuhura yenye misitu na vinamasi, na hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa chombo cha Mariner 2 kilichopita karibu na Zuhura na kuthibitisha kwamba ni tanuri kilikwenda Desemba 1962. Lipo pia kosa la kuazima. Msimulizi anaiomba sayansi kitu kimoja isichonacho ili hadithi isimame, kisha anajitahidi kuwa mwaminifu katika mengine. Star Trek, tamthilia ya Marekani ya mwaka 1966, iliazima mwendo wa kuipita nuru, lakini kuni za injini yake, yaani maada na kinyume cha maada, ni kitu halisi: kinyume cha elektroni kiligunduliwa mwaka 1932. Ile mashine yao ya kumyeyusha mtu hapa na kumuumba kule ilibuniwa zaidi kwa sababu ya mfuko, maana kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekula fedha nyingi. Na lipo kosa la kutojali, ambalo ndilo la Space: 1999. Ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1975, kanuni za Newton zilikuwa na umri wa karibu miaka 290, na wanadamu walikwisha kutembea Mwezini. Hesabu niliyoifanya hapo juu ingeweza kufanywa na mtu yeyote kule studio kwa robo saa.

Hata hivyo Asimov huyohuyo aliisifu kwa namna ilivyoonyesha watu wakitembea kwenye mvutano hafifu wa Mwezi, na kwa sura ya vyombo na vyumba vyake. Nami nakubaliana naye. Chombo chao cha Eagle, chenye mabomba wazi na kiwiliwili cha katikati kinachobadilishwa kulingana na kazi, kinaonekana kama kitu ambacho fundi angekitengeneza kweli, kwa kuwa pasipo na hewa hakuna haja ya umbo la ndege.

Hii hapa kazi ya kumpa wiki hii. Ashike funguo kwa urefu wa mita 1.2, aziachie, apime. Zitafika chini kwa nusu sekunde. Mwezini, ambako mvutano ni sehemu moja ya sita ya hapa, zingechukua sekunde 1.2. Kisha arudi kwenye tamthilia, atafute mahali ambapo kitu kinaanguka au mtu anaruka, ndani ya kituo na nje yake, ahesabu muda. Atakuta nje wamejitahidi, wamepunguza mwendo wa picha. Ndani ya kituo watu wanatembea kama wako mtaani London, na vitu vinaanguka kama vinavyoanguka sebuleni kwako. Atakuwa amelikamata kosa kwa mkono wake mwenyewe, na atalikumbuka hadi uzeeni. Marufuku haitampa kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo usimkataze, ila usimwache aangalie usiku kucha, masomo na usingizi vina haki yao. Upande mwingine pia una hatari yake: mtoto akiangalia vipindi vingi bila mtu wa kuzungumza naye, kosa hugeuka kuwa maarifa kimyakimya, na kulitoa baadaye ni kazi kama kung'oa mkoko. Kaeni wote hata kipindi kimoja kwa wiki. Karatasi yake ya hesabu mpeleke nayo kwa yule mwalimu wa fizikia, ana kwa ana, aikague mbele yake. Mimi kwa maandishi siwezi kuona alipokosea kuhamisha sifuri, na mara nyingi mwalimu aliyesema "upuuzi" hulainika akiona mwanafunzi amekuja na kazi badala ya ubishi. Ikiwa utaona anaogopa kweli, halali kwa kuwaza maangamizi, hapo zungumza na mshauri wa shule au daktari, kwa maana hilo haliponywi na fizikia.

Limebaki la bamvua, nimeliweka mwisho kwa sababu nalipenda.

Mwezi ukitoweka bahari haitatulia. Jua nalo huvuta maji, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya Mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, viwili hivi huvuta kwa pamoja, na ndipo Tanga maji hupanda na kushuka kwa mita tatu na ushee. Likibaki Jua peke yake, mtaona kama theluthi ya hapo, mita moja hivi, na kwa saa zilezile kila siku mwaka mzima. Hakutakuwa na bamvua wala maji mafu, zile siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani, wanaosubiri maji yatoke mbali ndipo wafike kwenye kamba zao, wangekosa siku zao za kazi. Wachokoa pweza pia. Na sisi tunaosubiri mwezi uandame tungeihesabu vipi Ramadhani?

Na umwambie jambo hili, maana naona litamfurahisha kuliko mlipuko wowote: Mwezi kweli unaondoka. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo pale juu mwaka 1969, na wataalamu huvipiga kwa mwale wa leza na kupima umbali kila mara. Unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Anayeusukuma ni bahari. Dunia hujizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo tuta la maji linaloinuliwa na Mwezi huburutwa mbele yake kidogo, nalo kwa uzito wake huuvuta Mwezi mbele, ukapata nguvu ya kupanda juu zaidi. Maji yaleyale anayoyaona yakijaa chini ya mikoko ndiyo yanayofanya kazi hiyo, polepole. Katika tamthilia Mwezi uling'oka tarehe 13 Septemba 1999. Tangu siku hiyo mpaka leo, ule wa kweli umesogea karibu mita moja.